Nielewesheni huu ufunguzi wa Réti jamani, mbona mimi nikiucheza nabanwa tu?

FarasiWaKijiweni:
Wakuu habari za saa hizi. Nina mwaka na kitu nacheza sataranji, drafti niliacha baada ya wazee wa kijiweni kunifanya mtaji wao wa soda kila jioni. Kwenye Lichess (tovuti ya sataranji) niko retingi 1400 na ushee, mechi za dakika 10. Zamani nilikuwa mtu wa e4 (kitunda cha mbele ya mfalme hatua mbili) kama kila mtu, sasa kuna jamaa akaniambia we unahangaika nini kukariri majibu ya mweusi, Sicilian sijui French sijui Caro-Kann, cheza Nf3, g3, Bg2, ficha mfalme, basi, mweusi afanye anachotaka wewe hatua zako ni zilezile kila siku. Nikaona hii ndo yenyewe, uvivu wangu umepata dawa. Akasema unaitwa Réti, ni wa kihaipamodeni, yani unamwachia mpinzani senta (katikati ya ubao) af unamshambulia kwa mbali.

Sasa miezi 3 imepita, kumwachia senta naweza sana, hiyo ya kushambulia kwa mbali ndo sijawahi kuiona. Jumapili nimekaa na dogo wa form two, ubao wa kweli siyo simu, watu wamesimama wanaangalia. Mimi mweupe (N farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni kitunda, x kula, O-O kumficha mfalme; nukta tatu ni hatua ya mweusi):

1.Nf3 d5 2.g3 Nf6 3.Bg2 c5 4.O-O Nc6 5.d3 e5 6.b3 Bd6 7.Bb2 O-O 8.Nbd2 Re8 9.a3 h6 10.h3 Bf5 11.Re1 Qd7 12.Kh2 e4 13.dxe4 dxe4 14.Ng1 e3 15.Nc4 exf2

Angalieni hapo mwisho. Kitunda kimoja kimesimama f2 kinashika ngome yangu ya e1 na farasi wangu wa g1 kwa mpigo mmoja. Dogo wala hakucheka, alinyanyua macho tu akaniangalia kama ananiuliza "unaendelea?" Nikampa mkono.

Swali langu, kosa liko hatua gani? Maana mi naona nilicheza vizuri tu, sikuacha kitu bure, kila kipande kilikuwa nyumbani kwake salama. Na huu ufunguzi una maana gani hasa kama mwenzako anajaza senta na wewe unaangalia?

---

Nakuru64:
Buda hapo "kila kipande kilikuwa nyumbani kwake salama" umejijibu mwenyewe. Walikuwa nyumbani, ndio shida.

Nimeweka hiyo game yako kwa ubao nikaiangalia polepole. Mpaka hatua ya 5 hakuna kitu mbaya. Dogo ana c5, d5, e5, Nc6, Nf6, na hiyo sura ukiigeuza ubao ni King's Indian, ile mweusi hucheza, tofauti ni ati wewe uko mweupe kwa hivyo uko na hatua moja ya ziada. Ungepiga 6.e4 hapo hapo. Akisukuma d4 senta inafunga, wewe unaenda upande wa mfalme, farasi atoke f3, halafu f4, unamvuruga. Akikula e4 unakula na d3, vitunda viwili vimetoka, presha imeisha. Lakini wewe ukacheza b3. Si mbaya sana hata, bado ungeweza. Hatua ya 9 sasa ndio nimeshika kichwa: Nbd2 iko tayari, e4 iko tayari, kila kitu kimekuja mezani, na wewe unacheza a3!! Halafu h3. Halafu Kh2. Hizo tatu zote ni hatua za mtu anangojea matatu.

9.e4 d4 10.Nc4, farasi anagonga askofu wa d6, akirudi c7 unaweka a4 hakuna mtu wa kukutoa hapo c4 haraka. Askofu wako wa b2 amefungiwa ndio, mrudishe c1 bila aibu, atatoka upande huo mwingine.

Hii kitu watu husema ati haipamodeni ni kuachia mpinzani senta. Hapana. Ni kuchelewa kuweka vitunda VYAKO, ndio ujue yeye ameweka vyake wapi, halafu unagonga. Usipogonga haukucheza Réti, umepanga vipande tu kama viti kwa harusi.

---

FarasiWaKijiweni:
Viti vya harusi 😂😂 aisee umeniua. Lakini jamaa yangu aliniambia hatua ni zilezile kila siku, kumbe kanidanganya?

---

Nakuru64:
Hajakudanganya, amekupa nusu. Hatua tano za kwanza ndio huwa zilezile. Ya sita ndio exam.

---

BintiSataranji:
Naomba niongezee kaka, maana hapo juu mmeongea kama Réti ni g3 na Bg2 tu. Hiyo uliyocheza wewe wengi wanaiita King's Indian Attack, ni ndugu yake. Réti yenyewe hasa ni 1.Nf3 d5 2.c4. Hiyo c4 ndo roho. Unaona tofauti? Mweusi kaweka kitunda d5, hatua ya pili tu ushakigonga kwa pembeni, na huna kitunda chochote senta cha yeye kugonga. Wewe kwenye mchezo wako c4 haikutokea mpaka mwisho, farasi ndo aliyefika c4 na alifika msiba ushaisha.

Mweusi hapo ana majibu manne ya maana na kila moja linakupeleka kwingine, ndo maana wanasema huu ufunguzi ni mlaini, unapinda.

Akila, 2...dxc4, usiogope kwamba umepoteza kitunda. Cheza 3.e3 askofu wa f1 anakifuata. Akijifanya mjanja kukilinda kwa 3...b5 unampa 4.a4, akiweka c6 unakula 5.axb5 cxb5 af 6.b3! na ule mnyororo wake unavunjika, akila b3 unampiga Bxb5 kwa cheki, malkia anakuja kuchukua b3 taratibu. Hii nimewalia watu mtandaoni sijui mara ngapi, kuna siku niliwalia watu wawili mfululizo nikiwa kwenye foleni ya luku.

Akijenga ukuta kwa 2...e6 au 2...c6 hapo ndo g3, Bg2, O-O, b3, Bb2 yako inapendeza, kwasababu c4 ishapo inafanya kazi. Ukitaka unaweza kuingiza d4 na mchezo ukageuka ufunguzi mwingine, Catalan (kwenye e6) au Slav (kwenye c6). Hapa sasa ndo ujanja wa kuanza na Nf3 badala ya d4: unachagua wewe lini uingie na kwa mlango upi. Mtu aliyejiandaa usiku kucha kukucheza Nimzo-Indian, jibu la mweusi kwa d4, hukuti naye kabisa. Kramnik, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alifungua kwa 1.Nf3 miaka mingi na siyo kwamba alikuwa haipendi d4, alikuwa anaifikia d4 kwa njia aliyoitaka yeye.

La nne ni 2...d4, kitunda kinakupita. Hili ndo linasumbua wengi kwasababu ghafla nafasi imekuwa finyu. Hapo mi nacheza 3.b4 namzuia asiweke c5 kukilinda kirahisi, af e3 inakuja kukigonga. Wengine wanacheza 3.g3, nayo sawa, ila kwa mtu ambaye tatizo lake ni kukaa kaa (samahani kaka) ningesema anza na b4 ikulazimishe kufanya kitu.

---

KobeWaLindi:
Mi naona mnampotosha. Mtu wa 1400 acheze e4, atafute uma (kushika vipande viwili kwa mpigo), atafute cheki, ajifunze kuua. Huu ufunguzi ni wa mabingwa waliochoka. Unakaa nyuma ya ukuta unasubiri, na ukiwa hujui unachosubiri ndo yanakukuta ya dogo wa form two.

---

BintiSataranji:
Kobe hoja yako naielewa lakini hakufungwa kwasababu alikaa nyuma ya ukuta, alifungwa kwasababu alipewa hatua tatu za bure akazitumia kufunga madirisha. Hata kwenye e4 mtu anayecheza a3, h3, Kh2 mfululizo atapigwa.

---

KobeWaLindi:
Sawa dada. Ila kwenye e4 angepigwa mapema akarudi nyumbani mapema.

---

MzeeKete:
Vijana salaam. Mimi ni mtu wa bao, sataranji nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo mnisamehe nikipitia mlango wangu.

Kwenye bao ukiwa na pa kula lazima ule, hakuna kusema ngoja nione kwanza. Ndo sheria. Sataranji haina lazima hiyo, na mimi mwanzoni lilinisumbua sana hilo, kila nikiona kitunda kimekaa wazi mkono unawasha. Huyu bwana Réti, mwenye jina la ufunguzi, mchezo wake wote umekaa hapo kwenye "siyo lazima". Lakini sasa mtakumbuka kwenye bao la Kiswahili tunayo nyumba, unaanza nayo na kete 6, unailinda, hutaki kuisafirisha ovyo. Mchezaji mbovu anailinda mpaka inaoza, mwishowe mwenzake anamlia zote. Mchezaji mzuri anajua siku ya safari. Kijana, wewe d4 yako na e4 yako ndo nyumba. Umeilinda vizuri sana, mpaka imeliwa.

Na huyo bwana mwenyewe mkitaka kumjua mtazameni alivyocheza mashindano ya New York mwaka 1924, siyo alivyosimuliwa. Watu wanasema ooh aliiacha senta. Tazama mchezo wake na Bogoljubov, ule uliopewa tuzo ya kwanza ya uzuri. Nf3, c4, g3, Bg2, kajificha, b3, Bb2, yote kama mnavyosema. Hatua ya 8 kaweka d4. Hatua ya 15 kaweka e4. Vyote viwili! Tena ile e4 kabla yake alicheza f3 akamtoa kwanza kitunda cha mweusi kilichokuwa kimekaa e4. Kuanzia hapo mstari wa f ukafunguka na mambo yakaisha hatua ya 25.

Ile hatua ya 25 nitawaeleza maana mimi niliiona nikanyamaza dakika nzima. Mfalme mweusi yupo h8. Askofu wake yuko f8, analindwa na ngome iliyo d8, upande uleule wa mwisho. Malkia mweupe yuko f5, ngome f1, wote wanatazama f8. Askofu mweupe yuko f7. Sasa mtu wa kawaida hapo anatafuta cheki. Réti akamchukua askofu wa f7 akamweka e8. Hapo tu. Hakula kitu, hakupiga cheki, kamsimamisha mlangoni katikati ya ngome na askofu. Ngome haimuoni tena askofu wake. Ukimla huyo wa e8 kwa ngome, malkia anajitosa f8, ngome inarudi kula, na ngome ya f1 inapanda f8 mfalme hana pa kwenda. Bogoljubov akaacha.

---

Nakuru64:
Mzee umenikumbusha, na kwa hiyo hiyo New York 1924 ndio alimpiga Capablanca, bingwa wa dunia, mtu hakuwa amepoteza game kwa miaka nane. Angalia hiyo pia, mweusi alikuwa na mpangilio wa King's Indian na Réti akasukuma b4 hatua ya tatu, halafu akangoja, akangoja, d4 ikakuja hatua ya 16. Hatua ya 31 Capablanca akaweka mfalme chini.

So hata mwenye ufunguzi wake, d4 ilikuja. Swali ilikuwa saa ngapi tu.

---

KobeWaLindi:
Mbona hamsemi ile aliyopigwa na Lasker, bingwa wa dunia wa zamani, hapohapo New York? Mweusi kaweka c6 na d5, askofu kamtoa nje f5 kabla ya kufunga e6, kila kipande kimekaa poa, af akasukuma e5. Réti na ujanja wake wote akampeleka malkia a1 nyuma ya askofu wa b2, akatoa ngome apate farasi na kitunda, na akafungwa. Lasker ndo alichukua ubingwa wa mashindano, Réti akawa wa tano. Senta ni senta bwana.

---

MzeeKete:
Kweli kabisa, na ni mchezo mzuri kuutazama. Na utaona pale d4 na e4 za Réti hazikuja, d3 ilikaa palepale. Umenisaidia hoja, Kobe.

---

KobeWaLindi:
Mzee wewe nakuheshimu tu 😅

---

BintiSataranji:
Hahaha. Ila Kobe yuko sahihi kwenye jambo moja, huo mpangilio wa Lasker ndo unaokera zaidi, c6 na Bf5. Dawa ya rahisi kwa sisi wa kawaida, mkiona c6, usiharakishe b3, unaweza kucheza 3.d4 ukaingia Slav ya kawaida, au ukaenda na g3 ukijua askofu wake wa f5 atatoka na hutamzuia. Usibishane naye, mpe f5 yake, wewe tafuta e4 kwa Nbd2 na msaada wa ngome ya e1. Kitunda kikifika e4 na askofu wake yuko f5 au g6, anakuwa anatazama ukuta.

---

FarasiWaKijiweni:
Wakuu nimerudi, wiki imepita. Kwanza niwashukuru, Mzee Kete shikamoo, ile Be8 nimeiweka kwenye ubao nyumbani wife kaniuliza mbona nakaa na ubao ambao mchezo umeisha.

Nimefanya hivi: nimeandika kwenye karatasi nimebandika nyuma ya simu, "c4, d4, e4, ipi na lini?" Kila nikifika hatua ya 6 nasoma. Mechi kumi za kwanza nilikuwa napiga haraka mno, yani nilitoka kwenye kulala nikaingia kwenye fujo, e4 nasukuma farasi wa b1 hajatoka, inaliwa bure. Retingi ikashuka mpaka 1360. Nikatulia.

Jana nimekutana tena na dogo. Sikumwambia kitu. 1.Nf3 d5 2.c4, akaniangalia kidogo, akasukuma 2...d4. Nikacheza 3.b4 ya dada. Akaweka 3...f6, anataka e5. Nikaweka 4.e3, 4...e5, nikakaa hapo kama dakika tano nzima saa inakata. Nikaona nikisogeza c5 kitunda changu kinalindwa na b4 na mstari wa askofu unafunguka moja kwa moja mpaka g8, na yeye kashasogeza f6. 5.c5. Akatoa farasi pembeni h6, nikaweka Bc4, na kuanzia hapo hakuweza kujificha upande ule kwasababu g8 askofu wangu anaiangalia. Mfalme wake akakaa katikati kama mtu aliyekosa daladala.

Sikumfunga lakini. Nilikuwa na kitunda cha ziada na dakika moja na nusu, yeye dakika saba, mkono ukaanza kutetemeka, akanibana na cheki za kurudia rudia, suluhu. Lakini safari hii yeye ndo alikuwa anainua macho kuangalia saa.

Swali la mwisho, ile 3.b4 angeweza kuila? Maana askofu wake wa f8 kama njia ingekuwa wazi si angeichukua bure?

---

BintiSataranji:
Safi sana kaka!! Njia ikiwa wazi ndio anaila, ndo maana mara nyingi e5 ikija unatakiwa ujue b4 iko kwenye meno. Kwenye mchezo wako e5 ilipokuja tu ukaweka c5, na kitunda cha c5 ndo kikaziba macho ya huyo askofu wa f8. Uliokoa b4 bila kujua.

---

FarasiWaKijiweni:
Kumbe. Mi nilikuwa naangalia g8 tu.

---

Nakuru64:
Usimwambie dogo.